Mwongozo Kamili: Namna ya Kupunguza Rundo la Vitabu Usivyovisoma Bila Kuacha Kununua

Kila Januari wapenda vitabu wengi hapa Mbeya huapa kwamba hawatanunua kitabu kingine mpaka wamalize walivyonavyo. Kufika Machi kiapo kimevunjika. Mtu amepita Mwanjelwa kununua nyanya, amerudi na nyanya na riwaya mbili, na sasa anaona aibu hata kuvitoa kwenye mfuko mbele ya mwenzake.

Kiapo hicho kinashindwa kwa sababu kinapigana na kitu kisicho na kosa. Anayependa vitabu atanunua vitabu. Kinachomkwamisha ni mambo matatu: hajui ana vingapi, hajui anasoma kwa kasi gani, na hana kipimo cha kumwambia kwamba sasa vimetosha. Mwongozo huu unampa hivyo vitatu.

Lengo si kufikia sifuri. Familia ya mkulima haimalizi mahindi ghalani ndipo ianze kuwaza mavuno mengine; inaweka ya kuifikisha msimu ujao. Nyumba ya msomaji nayo iwe na akiba ya mwaka mmoja wa kusoma. Ikizidi hapo, sehemu kubwa ya vitabu inageuka mzigo wa kulinda dhidi ya ukungu, mchwa na panya. Ikipungua sana, utajikuta Julai, jioni ya baridi kali, huna cha kushika.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari moja gumu, lile la kaunta. Usitumie karatasi za kupeperuka.
- Kalamu ya wino na kalamu ya risasi.
- Vitambaa viwili vya pamba vilivyokauka kabisa, na brashi laini, hata ile ya rangi ambayo haijatumika.
- Barakoa au kitambaa cha kufunga pua na mdomo.
- Mkeka au turubai la kutandika nje.
- Katoni tatu ngumu.
- Bahasha moja ya fedha.
- Simu yenye kamera.

Rafu tutaijadili kwenye hatua ya nne. Usiite fundi kabla ya hapo, maana hujajua bado inatakiwa iwe na ukubwa gani.

## Hatua ya 1: Toa vitabu vyote nje, vihesabu

Chagua siku kavu. Katika nyanda hizi kipindi kizuri ni kati ya Juni na Oktoba, hewa ikiwa kavu na upepo upo. Ukianza Februari mvua ikiwa inashinda inanyesha, utavitoa vitabu vikavu na kuvirudisha vimenyonya unyevu.

Tandika mkeka kivulini, uvitoe vyote. Nasema vyote: vya sebuleni, vya chini ya kitanda, vya juu ya kabati, vilivyoko ofisini, vile ulivyoacha kwa dada yako Iringa ulipohama. Watu wengi hushindwa hapa hapa, kwa kuhesabu rafu inayoonekana na kusahau katoni. Mali bila daftari huisha bila habari, na katika vitabu huanza kuisha kwenye katoni ya chini ya kitanda.

Fungua katoni hiyo taratibu. Kama ilikaa moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji, toa kitabu cha chini kabisa uangalie jalada la nyuma. Saruji hupitisha unyevu wa ardhini msimu mzima wa mvua. Utakuta jalada limejikunja, kurasa za mwisho zimeshikana, na pembeni kuna madoa ya kijivu au ya kijani yenye unga. Huo ni ukungu. Usiupulize kwa mdomo na usiufutie ndani ya nyumba. Funga pua, peleka kitabu mbali na vingine, kiache kipigwe na upepo kivulini mpaka kikauke kabisa, kisha usugue kwa brashi laini kuelekea nje. Jua kali la moja kwa moja hukausha haraka lakini hukunja majalada na kufifisha karatasi, kwa hiyo kivuli chenye upepo ni bora.

Ukiona vijia vya udongo vimepanda ukutani au kwenye katoni, mchwa wameingia. Choma katoni, kagua kitabu kimoja kimoja, na shughulikia ukuta kabla hujarudisha chochote pale.

Sasa andika. Kila kitabu mstari mmoja: jina, idadi ya kurasa, na alama ya ndiyo au hapana kama umeshakisoma. Bei usiandike, itakuumiza bure na haisaidii uamuzi wowote wa mbele.

Utajua umefaulu ukiwa na namba moja chini ya ukurasa wa mwisho: vitabu ambavyo hujavisoma ni vingapi. Usishtuke ukikuta ni mara mbili ya ulivyodhani.

## Hatua ya 2: Pima kasi yako ya kweli

Kwa siku saba mfululizo soma kama kawaida, na kila usiku kabla ya kulala andika kurasa ulizosoma siku hiyo. Siku ambayo hukusoma andika sifuri, na sifuri hiyo ihesabike. Mwisho wa wiki jumlisha, gawa kwa saba.

Usipime wiki ya likizo, wala wiki ya msiba au ya mitihani. Unatafuta wiki ya kawaida. Na usijikaze kusoma zaidi kwa sababu unajipima, maana namba ya kujikaza itakudanganya mwaka mzima.

Tuchukue mfano wa msomaji mwenye vitabu 87 ambavyo hajavisoma. Anasoma kurasa 12 kwa siku. Kwa mwaka ni kurasa 4,380. Kama kitabu chake cha kawaida kina kurasa 220, anamaliza vitabu 20 hivi kwa mwaka. Rundo lake ni kazi ya zaidi ya miaka minne hata asiponunua kingine. Lakini ananunua vitatu kwa mwezi, yaani 36 kwa mwaka. Kila mwaka rundo linaongezeka kwa vitabu 16.

Fanya hesabu hiyo kwa namba zako, polepole, kwa kalamu. Ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote katika mwongozo huu. Mtu akishaona kwamba mwaka wake unabeba vitabu 20, hahitaji tena kuambiwa ajizuie. Anaposimama mbele ya muuzaji anajua anachagua kimoja kati ya ishirini.

Utajua umefaulu ukiweza kujibu bila kufungua daftari: kwa mwaka nasoma vitabu vingapi?

## Hatua ya 3: Gawa mafungu manne

Fungu la kwanza ni vya rejea. Kamusi, vitabu vya sheria, vya mapishi, tafsiri na ufafanuzi wa maandiko ya dini, vitabu vya fani yako, na vile vijitabu vya kilimo ulivyobeba Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale. Hivi hufunguliwa panapotokea haja. Hakuna anayemdai mtu asome kamusi kutoka A mpaka Z. Vifute kwenye orodha ya deni bila kujilaumu.

Fungu la pili ni vya watu. Kitabu ulichoazima kwa mwalimu mwenzako miaka mingapi iliyopita kinarudi wiki hii, umekisoma hukukisoma. Kikirudi, mlango wa kuazimana unafunguka tena, na kuazima ni njia ya kusoma isiyoongeza rundo.

Fungu la tatu ni vya kuaga. Hapa watu huumia. Chukua kitabu unachokitilia shaka, kaa, soma kurasa 20 za mwanzo. Kisha jiulize: ningekiona leo pale mtaani, ningekitolea fedha? Kama jibu ni hapana, kiweke kwenye katoni. Vingi vitakuwa vitabu vya mtu uliyekuwa zamani: vya mtihani uliokwisha, vya biashara uliyoacha, vya mafanikio ya haraka ulivyonunua kipindi kigumu. Vilifanya kazi yake siku ile vilipokupa matumaini.

Fungu la nne ni vya kusoma. Hivi ndivyo vilivyobaki.

Turudi kwa msomaji wetu. Katika 87, vitabu 24 ni vya rejea na vya watu, 21 vinaagwa. Vinabaki 42, kazi ya miaka miwili na kidogo. Hajasoma hata ukurasa mmoja wa ziada, lakini sasa anaona mwisho.

Tahadhari: usifanye hatua hii kwa siku moja. Ukichoka utaanza kuhukumu kwa jalada, ama utupe chema au ubakize kila kitu kwa huruma. Fanya kwa jioni kadhaa.

## Hatua ya 4: Tengeneza rafu inayofaa hali ya hewa yetu

Tuna bahati ya mbao. Paini za Sao Hill, Mufindi, ziko karibu, na hapo Mafinga biashara ya mbao ni kila kona. Tatizo ni kwamba mbao nyingi hufika kwa seremala zikiwa bado mbichi. Ubao mbichi ukibeba vitabu hupinda, na unyevu wake unaingia kwenye karatasi. Mwambie fundi wazi: nataka mbao zilizokauka na zilizopigwa dawa. Beba moja mkononi. Ikiwa nzito kuliko inavyoonekana na ubaridi wake unausikia kwenye kiganja, haijakauka.

Mambo ya kumwekea fundi masharti:

Ubao wa unene wa inchi moja usivuke sentimita 80 bila nguzo ya katikati. Mita moja ya vitabu vilivyosimama inaweza kufika kilo 20 hadi 30, na vikubwa vya rejea vinazidi hapo.

Daraja la chini liwe juu ya sakafu angalau sentimita 15. Hiyo inazuia unyevu, inakupa nafasi ya kufagia, na vijia vya mchwa utaviona mapema.

Rafu isibane ukuta. Acha upana wa vidole vinne nyuma yake hewa ipite. Na iwekwe kwenye ukuta wa ndani, ule unaogawa vyumba, kwa sababu ukuta wa nje unapokea mvua na baridi, na ukungu unapenda ubaridi huo. Kwa wakazi wa Tukuyu, ambako mvua haina huruma, sharti hili lina uzito zaidi ya mengine yote.

Karatasi huanza kuota ukungu unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 65 hivi kwa muda mrefu. Kwa hiyo fungua madirisha mchana wa siku kavu, na usivifunge vitabu ndani ya nailoni ukidhani unavilinda. Nailoni inafungia unyevu ndani. Nailoni ina kazi moja tu: kitabu chenye wadudu hufungwa humo, kikawekwa kwenye friza yenye baridi kali kwa siku 14, kisha kikaachwa ndani ya mfuko huo huo siku nzima mpaka baridi iishe ndipo kifunguliwe.

Zaidi ya rafu kubwa, tengeneza kijirafu kidogo karibu na pale unapokaa jioni. Kibebe vitabu vitano tu kutoka fungu la nne, kimoja kikiwa chembamba, kimoja kinene. Hivyo vitano ndivyo unavyovisoma sasa. Vingine vyote vina subira.

Utajua umefaulu ukiweza kufikia kitabu chochote bila kuhamisha kingine. Hapo ipige rafu picha kwa simu.

## Hatua ya 5: Panga kusoma kwa misimu

Ratiba nyingi za kusoma zinakufa kwa sababu zinadai kiasi kile kile mwaka mzima. Maisha ya huku hayaendi hivyo. Mvua zikianza Novemba kuna kupanda, Januari kuna palizi na ada za shule, na hata asiyelima ana ndugu anayelima na simu inayoita. Juni mpaka Oktoba jioni ni ndefu kwa mtu aliyejifunika blanketi, na mavuno yakishaingia ndani akili inatulia.

Kwa hiyo weka vitabu vinene kipindi cha kiangazi, na msimu wa mvua weka hadithi fupi, mashairi na vitabu vya kurasa mia moja na kitu. Mwalimu wa sekondari mwenye kidato cha nne asijipangie kitabu kinene Oktoba na Novemba. Mwenye taa ya sola aichaji mchana, maana umeme ukikatika saa mbili usiku ndio wakati mzuri wa kusoma.

Basi nalo ni maktaba. Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, siku nzima umekaa. Beba kitabu kimoja, si vitatu, na kifunge mkifika kona za Kitonga kama tumbo lako si gumu.

## Hatua ya 6: Weka kanuni ya kununua

Kanuni ni hii: ukimaliza viwili, unanunua kimoja. Msomaji wetu anasoma 20, ananunua 10, rundo linapungua kwa 10 kila mwaka. Kutoka 42 atafika kwenye akiba ya vitabu 20 kwa miaka miwili na miezi michache. Akishafika, anahamia kimoja kwa kimoja na kubaki hapo.

Kila unapomaliza kitabu cha pili, tia kwenye bahasha fedha ya kitabu kimoja. Ukitoka kwenda sokoni, bahasha ikiwa tupu inabaki nyumbani. Ikiwa na fedha, toka nayo, na fedha ya nyanya ibaki kuwa ya nyanya.

Sasa tuko mbele ya muuzaji wa vitabu vya mtumba, turubai limetandikwa, migongo ya vitabu inatazama juu. Anakufahamu. "Mwalimu, shikamoo. Kile nilichokuwekea leo kimekuja." Mwitikie, chuchumaa, lakini kabla ya kuuliza bei fanya haya.

Fungua simu, tazama picha ya rafu yako uliyopiga baada ya hatua ya nne. Watu hununua kitabu walichonacho tayari mara nyingi kuliko wanavyokiri.

Shika kitabu kwa mikono miwili, ukifungue katikati. Gundi ikilia na kurasa zikanyanyuka kutoka kwenye uti, kitamwaga kurasa kabla hujafika nusu. Pitisha kidole gumba ukingoni haraka uone kama kuna ukurasa uliochanwa. Angalia hasa ukurasa wa mwisho, maana ndio unaopotea kwanza. Nusa. Harufu ya udongo mbichi ni ukungu, na ukiingiza kitabu hicho kwenye rafu yako utaambukiza majirani zake. Angalia vitundu vidogo vya mviringo na unga mweupe uliolala kwenye mfereji wa uti: hapo kuna mdudu.

Kisha soma ukurasa mmoja wa katikati, sio wa kwanza. Mwandishi yeyote hujitahidi ukurasa wa kwanza. Ukijikuta umegeuza ukurasa bila kujua, hicho ni chako.

Swali la mwisho: nitaanza kukisoma lini? Kama huwezi kutaja mwezi, mwambie ukweli: "Kaka, leo sina nafasi yake, lakini mwingine akikitaka mpe." Wauzaji wengi wataheshimu hilo. Na muulize kama anapokea kubadilishana. Mara nyingi atakubali vitabu viwili vizuri kwa kimoja, na hapo rundo linapungua huku umepata kipya.

Kanuni hii ina pengo moja ninaloliacha kwa makusudi. Kuna vitabu ambavyo ukiviacha leo hutaviona tena: vya lugha zetu za Kinyakyusa, Kihehe, Kibena au Kisafwa, historia za parokia na shirika zilizochapwa nakala chache, matoleo ya zamani ya Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda. Kitabu cha namna hiyo kikitokea, kinunue hata bahasha ikiwa tupu, na ukiweke kwenye rejea. Kukihifadhi tu ni kazi yenye maana, kwa sababu huenda nyumba yako ikawa mahali pekee ambapo mjukuu wa mtu atakikuta.

## Hatua ya 7: Aga vitabu kwa heshima

Usipakie katoni na kuitupa mlangoni kwa shule. Nenda kwanza kwa mwalimu mkuu au mwalimu wa maktaba, msalimie, muulize wanahitaji nini. Utekelezaji wa mitaala mipya ulianza Januari 2024, kwa hiyo vitabu vya kiada vya mtaala wa zamani vinaweza kuwapoteza wanafunzi badala ya kuwasaidia. Hadithi, ensaiklopidia na vitabu vya maarifa ya jumla hupokelewa kwa furaha karibu kila mahali.

Maktaba ya mkoa nayo ipo, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Uliza utaratibu wao wa kupokea kabla ya kubeba. Na ukiwa pale jiandikishe uanachama: kitabu cha kuazima kina tarehe ya kurudi, na tarehe hiyo inamfanya mtu asome.

Kitabu chenye ukungu au mchwa usimpe mtu yeyote.

## Hatua ya 8: Hesabu upya mara mbili kwa mwaka

Hesabu ya kwanza iwe Juni mvua zikiwa zimekwisha, ya pili Oktoba kabla hazijarudi. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, kagua nyuma ya rafu, andika namba mpya chini ya ile ya zamani katika daftari lile lile.

Namba ikiwa imeshuka, hata kwa vitatu, endelea hivyo hivyo. Ikiwa imebaki palepale, pima kasi upya kwa siku saba. Huenda kazi yako imebadilika au mtoto amezaliwa, na mwaka wako sasa unabeba vitabu 12 badala ya 20. Badilisha akiba ilingane na namba hiyo. Ikiwa imepanda, fungua daftari utafute vilivyoingia vilitoka wapi. Mara nyingi utakuta ni safari moja ya Dar es Salaam, au kifurushi kimoja ulichokwenda kupokea stendi ya Nanenane. Safari ijayo, bahasha iende na wewe, na kadi ya benki ikae mfuko wa chini kabisa wa begi.